Pingamizi Dhidi ya Ushahidi wa Sungura

Masoudi Mbaruku,
Mjumbe wa Baraza la Usuluhishi la Kijiji,
Ruponda, Nachingwea.

27 Agosti 2006

Kwa Profesa,
Mkuu wa Maabara ya Utafiti wa Uvimbe,
Dar es Salaam.

Ndugu Profesa,

YAH: KUKATAA USHAHIDI WA SUNGURA, NA WA MBUZI ANAYEMTHIBITISHA, KATIKA SHAURI LA MKE WANGU BIASHA BINTI ISMAILI

Kichwa hapo juu kinajieleza, nami nitajieleza chini yake. Kwanza nikupe pole na kazi. Huku kwetu mikorosho imetoa maua, ufuta umeshatoka shambani, na watu wote ni wazima isipokuwa yule ambaye maabara yako inasema si mzima. Kwa ajili yake ndiyo nimeshika kalamu.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita, ikaisha baada ya kukata kuni za kututosha mpaka masika. Nakuandikia kwa taratibu, kama mtu aliyekaa katika baraza la usuluhishi la kijiji tangu mwaka 1989, aliyesikiliza mashauri ya mipaka, mahari, mbuzi na matusi, na anayemjua shahidi mbaya hata akija amevaa kanzu.

Mambo yalianza hivi. Wakati wa palizi Biasha aliona kijivimbe kifuani, upande wa kushoto, kigumu, kama korosho iliyo bado ndani ya ganda lake. Hakikumuuma. Angekuwa mtu wa kulalamika tungejua mapema, lakini Biasha hulalamikia chumvi tu. Tukaenda zahanati kule Mnero, tukakuta watafiti wako wamefika pamoja na Daktari Winfrida. Yeye akachukua kinyama kidogo kwa sindano, akakitia kwenye kichupa, kikasafiri kuja kwako. Mwezi uliopita alirudi na majibu. Alikuja mpaka nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani nasi. Sina lalamiko lolote juu ya binti huyu. Ningekuwa na mtoto wa kiume ambaye hajaoa ningeandika barua ya aina nyingine.

Alitueleza kwamba uvimbe ule ni saratani. Akasema bado uko mahali pake, ila ndani yake imeonekana protini fulani ambayo kazi yake ni kuufungulia uvimbe njia, uhame, ukajenge kwenye mapafu, kwenye ini na kwenye mifupa. Kwa hiyo Biasha aende Dar es Salaam akakatwe mapema, kabla uvimbe haujafunga mizigo. Mimi nikauliza swali ambalo mjumbe yeyote wa baraza angeuliza: ni nani aliyeiona hiyo protini? Daktari akasema haionekani kwa macho, wala kwa hadubini peke yake. Nikauliza, sasa mmejuaje? Akajibu kwa uaminifu mkubwa kwamba imetambuliwa na kingamwili ya sungura.

Nilimwomba arudie, akarudia. Huko ng'ambo sungura huchomwa sindano yenye protini ile. Mwili wake, kwa kuwa hauijui, unaitilia shaka, unatengeneza kingamwili, yaani askari wadogo wa damu wanaoijua protini hiyo moja na kuing'ang'ania popote watakapoikuta. Sungura anatolewa damu, askari wanachujwa, wanatiwa kwenye kichupa, wanapandishwa ndege. Wakifika kwako wanadondoshewa juu ya kinyama cha mgonjwa. Wasipoikuta protini yao, wanaoshwa wanakwenda na maji. Wakiikuta, wanaishika. Kwenye kinyama cha Biasha walishika.

Mpaka hapo nilielewa vizuri, na kuelewa ndiko kulikoninyima raha. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu tabia ya shahidi.

Profesa, wewe ni msomi, lakini kabla ya kuwa msomi ulikuwa mtoto na ulikuwa na bibi. Ni nani katika nchi hii asiyemjua sungura? Ndiye aliyemuuzia fisi kivuli cha nyama. Ndiye aliyemshikisha tembo jabali, ati akiliachia litaangukia ukoo wake wote, kisha akaenda kulala kwenye shamba la tembo huyo huyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na hadithi za sungura za kutosha kiangazi kizima, na katika hizo zote sungura hakusema kweli hata kwa bahati mbaya. Leo unamchukua mnyama huyo, unamsimamisha dhidi ya mama mwenye wajukuu, na unalichukua neno lake kama lilivyo. Kwetu barazani mtu akipatikana na uongo mara mbili, mara ya tatu hatumzuii kusema, lakini mwandishi huweka kalamu chini.

2. Kuhusu mahali alipokuwa shahidi.

Hakuwapo. Daktari amekiri kwamba sungura mwenyewe hajawahi kukanyaga Dar es Salaam, sembuse Ruponda. Ilikuja damu yake, tena si damu, ni maji ya damu. Nilipouliza kama sungura yu hai, Daktari alitazama chini. Kwa hiyo tunahukumiwa kwa neno la marehemu, na marehemu haulizwi maswali.

3. Kuhusu mbuzi.

Nilidhani nimeshasikia yote. Kumbe hata ninyi wenyewe sungura hamumwamini! Daktari alieleza kwamba askari wa sungura wakishaishika protini, nao pia hawaonekani. Ni wadogo mno. Kwa hiyo inaletwa kingamwili ya pili, ya mbuzi, ambaye kazi yake ni kumtambua sungura popote alipojificha. Mbuzi ndiye aliyebebeshwa kitu cha kuleta rangi. Ikitokea rangi ya kahawia, maana yake mbuzi yupo. Mbuzi akiwapo, sungura yupo. Sungura akiwapo, protini ipo.

Utaratibu huu tunaujua. Ukitaka kutibiwa hospitali kubwa unaanza kwa balozi wa nyumba kumi, naye anaandika kwamba anakujua. Mtendaji wa kijiji anagonga muhuri kwamba anamjua balozi. Mtendaji wa kata anagonga muhuri kwamba anamjua mtendaji wa kijiji. Ukifika wilayani hakuna aliyekutazama usoni tangu kwa balozi, na kama balozi siku ile alikuwa amelewa, basi serikali nzima imelewa. Sasa nikauliza: mbuzi naye anatambuliwa na nani? Daktari akasema hapo hakuna haja. Yaani kamba yote hii, kutoka kifuani kwa mke wangu mpaka mezani kwako, mwisho wake umefungwa kwenye mguu wa mbuzi.

Na mbuzi tunamjua. Mwaka 2004 nilisikiliza shauri la mbuzi wa jirani yangu Ignasi, walioingia kwenye ufuta wa mjane mmoja, Saada. Mbuzi mkubwa aliletwa barazani majani ya ufuta yananing'inia mdomoni. Alitutazama wajumbe mmoja mmoja bila kupepesa, huku anatafuna. Ilibidi tuahirishe, kwa kuwa kielelezo kilikwisha kabla hatujakipa namba.

4. Kuhusu maji.

Nimeambiwa kingamwili hizi hazitumiki kama zilivyo. Tone dogo huchanganywa na maji mengi ya chumvi ili zisishike ovyo. Kabla ya hapo zilikuwa zimegandishwa. Sijui nchi nyingine ambayo shahidi anagandishwa, anayeyushwa, anatiwa maji na chumvi, halafu anaaminiwa. Kwetu hiyo ni supu.

5. Kuhusu nia.

Daktari mwenyewe anasema uvimbe haujahama. Unataka kuhama. Profesa, kama kutaka kuhama ni kosa, basi kata hii ungeifunga. Nusu ya watu wetu walitoka Newala na Masasi. Wazazi wa Ignasi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuku mmoja. Wazungu wa karanga walikuja Nachingwea na matrekta na reli, wakalima vumbi, wakahama. Mwaka 1974 tulihamishwa wote kwenda kijiji cha ujamaa, na Biasha alibeba chungu kichwani na Rabia wetu mgongoni, hakumwaga hata tone. Hakuna aliyepimwa protini. Mtu alijulikana amehama alipoonekana amefika. Barazani tulishamwachia kijana aliyekutwa amesimama na gunia tupu nje ya ghala la korosho, kwa sababu gunia lilikuwa tupu. Naam, wiki ya pili lilikutwa limejaa, lakini sheria ni sheria.

6. Kuhusu utafiti wangu mwenyewe.

Nisionekane mtu wa maneno matupu, nilipanda baiskeli mpaka Mnero kwa Agapiti, katekista anayefuga sungura nyuma ya nyumba yake, akaniazima dume moja jeupe, lenye adabu. Aliniambia kwamba sungura wake hajachomwa sindano yoyote. Nikamjibu kuwa ndivyo ninavyotaka, shahidi ambaye hajafundishwa cha kusema. Nikamleta ndani ya tenga, nikamweka mkekani mbele ya Biasha. Alimtazama, akageuka, akala matembele. Nikamrudisha. Akageuka tena. Biasha alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuwa amecheka namna ile tangu Daktari Winfrida avae viatu vyake na kuondoka.

Kwa kuwa nilimsikia Daktari akisema kipimo lazima kiwe na mtu wa kulinganisha naye, nikamwita Ignasi. Huyu ni mtani wangu, na tangu nimjue hajaugua kitu isipokuwa njaa. Alikuja anacheka, anasema ati Mmwera akiishiwa na hila zake huazima za mnyama. Sungura alikwenda kwake moja kwa moja, akabandika pua pajani, habanduki. Kicheko kikaisha. Kesho yake Ignasi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati, anadai paja likatwe mapema. Ilichukua siku nzima mkewe Dionisia kukumbuka kwamba suruali ile ilikuwa na karanga mfukoni.

Lakini habari ikishatoka hairudi. Wachimbaji wa Namungo, upande wa Ruangwa, wakaja kumwazima sungura. Hoja yao ilikuwa na uzito: kama mnyama huyu anaona kisichoonekana ndani ya nyama, dhahabu ndani ya jiwe itamshinda nini? Wakamlisha vumbi la mawe lililochanganywa na pumba, wakamtembeza machimboni. Akakojoa mahali fulani. Wakachimba hapo kwa juhudi na maarifa mpaka wakatokea kwenye choo cha mama ntilie.

Kisha wakaja viongozi wa timu ya mpira ya machimbo hayo hayo. Hao walikuwa wamesikia kwamba protini yenyewe ni ya kuhama, na shida yao wao ni wachezaji kuhama. Wakawapanga vijana mstari mmoja, sungura akapitishwa mbele yao kama mgeni rasmi. Akasimama kwa golikipa, Ashraf, mtoto aliyezaliwa palepale na ambaye hata Lindi mjini hapajui. Wakamwondoa langoni kwa kumshuku, wakamweka fundi baiskeli. Mabao tuliyofungwa siyaandiki. Aliyehama siku ya pili alikuwa kocha, akaondoka na mipira.

Matokeo ya utafiti ni kama ifuatavyo. Sungura aliposema ndiyo alikosea kila mara: kwa Ignasi, kwenye choo na kwa Ashraf. Aliposema hapana, kwa Biasha, hakuna aliyethibitisha kwamba alikosea. Kwa hiyo ndiyo ya sungura ni uongo na hapana yake ni kweli. Hoja hii niliipeleka kwa Mwalimu Eliudi anayefundisha hesabu shule ya msingi. Aliisoma, akavua miwani, akasema katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kukutana na kitu kama hicho. Namshukuru kwa pongezi zake.

7. Kuhusu shahidi wa akiba.

Daktari Winfrida alipopita tena kumwona Biasha nilimsomea pingamizi hili lilivyokuwa limefikia, naye akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwetu barazani halijawahi kutokea. Kisha akasema kwamba kama tatizo ni sungura, ipo kingamwili nyingine ya protini ile ile, iliyotoka kwa panya, na kwamba kinyama cha Biasha kilipimwa kwa hiyo pia. Majibu yalikuwa yale yale.

Panya! Umemtoa mwongo, umeniletea mwizi. Ghala langu la ufuta linamjua. Zaidi ya hapo, kwa akina Ignasi panya wa shambani ni kitoweo, na shahidi huyu akiitwa Ruponda kuhojiwa siwezi kudhamini kwamba atafika asubuhi. Ignasi alipopata habari kwamba nimeandika hivi akataka niongeze kuwa Wamwera hawali panya kwa sababu hawana mbio za kumkamata. Nimeongeza, kwa kuwa mtani ana haki yake.

Hata hivyo sitaficha kitu. Wanyama wawili wasiojuana, mmoja mwongo, mwingine mwizi, wakitoka sehemu mbalimbali na kusema neno moja, mwandishi wa baraza huishika tena kalamu. Kama mjumbe ningesema hilo ni jambo zito. Kama mume nasema ni njama.

8. Kuhusu jambo lililonikera kuliko yote.

Nilimuuliza Daktari hivi: ikiwa kingamwili inaijua protini hii, inaikamata, haiiachii hata ikioshwa, kwa nini Biasha asichomwe chupa nzima, askari wakaikamata humo humo kifuani, ukawa mwisho wa safari? Akasema kwa upole kwamba hiyo ya kwenu ni ya kutambua tu, haitibu. Hata kwenye kichupa imeandikwa kuwa ni ya utafiti, isitiwe katika mwili wa mtu.

Profesa, sisi huku tuna mgambo. Hawana viatu vya kutosha na wengine filimbi zao ni za kununua wenyewe, lakini mgambo akimkuta mwizi ndani ya ghala anamshika. Hampaki rangi ya kahawia akamwacha humo, akampiga picha, akaja mpaka nyumbani kwako, akavua viatu, akakaa mkekani, akakwambia kwamba mwizi yumo na rangi imemkolea vizuri. Wewe una askari wasioshindwa na maji, wanaomjua adui kwa sura, na kazi uliyowapa ni kupaka rangi! Nilipofika hapa ile hasira niliyokwambia imekwisha ilirudi. Nilitoka nje kutafuta cha kukata, nikakata mti ambao si wangu. Mwenye mti amekwisha fungua shauri barazani, na mimi ndiye mjumbe wa zamu.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, ambayo si mengi.

Kwanza, neno la sungura lifutwe, na la mbuzi na la panya yafuatane nalo, na uvimbe wa Biasha utambuliwe rasmi kuwa mkazi wa kudumu wa mahali ulipo, usio na nia ya kwenda popote. Wewe ni profesa, ukiandika hivyo na kupiga muhuri nani atakubishia?

Pili, kama lazima apatikane mnyama, basi awe kobe. Hadithi zote zinamsifu kwa ukweli, na isitoshe nyumba yake iko mgongoni, kwa hiyo hana la kujifunza kwa mtu yeyote kuhusu kukaa mahali pamoja. Daktari anasema damu ya kobe haifai, ni ya polepole. Tutasubiri. Sisi hatuna haraka. Kwa kweli hilo ndilo hasa ninaloliomba, kwamba kusiwe na haraka.

Tatu, ikishindikana yote, mashahidi waletwe Ruponda niwahoji mwenyewe. Sungura atalala kwa Agapiti na mbuzi kwa Ignasi. Panya hajawahi kukosa pa kulala.

Profesa, najua utajiuliza kwa nini mtu mzima anapigana na sungura. Nitakwambia, maana barua imeshakuwa ndefu na aibu imeniisha. Naogopa. Nimemwoa Biasha mwaka 1971. Sijui namna ya kukaa kwenye nyumba ambayo hayumo. Sijui chumvi inakaa wapi. Wageni wakija sijui majina ya watoto wao, huwa nasubiri yeye aseme ndipo na mimi niseme kama niliyekuwa nayajua. Kifua hicho mnachotaka kukikata kimewalea watoto wanne na kumzika mmoja. Tangu Daktari atoe majibu, Biasha anaendelea kutwanga, kuchota maji na kunisuta, na mimi namtazama kama mtu anayeangalia chungu cha kuazima, ninaogopa hata kumpa mkono.

Sungura amedanganya maisha yake yote. Amemdanganya simba, chui, fisi na tembo, mara nyingi bila sababu ya maana. Sioni ni kwa nini mara hii moja, ninapomhitaji awe mwongo, ndipo aamue kusema kweli.

Nangoja jibu lako. Wasalimie wote hapo maabara, wale wanaoosha vioo, mlinzi wa getini, na hata anayetia maji kwenye ushahidi, maana naye ametumwa. Daktari Winfrida mwambie Biasha anamuulizia kila siku. Mbuzi nisalimie kama yu hai. Salamu za sungura nazizuia mpaka shauri liishe.

Wako katika kudai shahidi mwenye sifa njema,

Masoudi Mbaruku

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Biasha barua hii yote, kwa kuwa yeye ndiye mhusika na si haki mtu atetewe bila kusikia. Alisikiliza huku anachambua mboga. Alicheka nilipofika kwa mbuzi, akaacha kuchambua nilipofika kwa mgambo, na mahali pale pa chumvi alinitazama muda mrefu. Nilipomaliza akasema hadithi za sungura nazijua vibaya, maana kila mara nilikuwa nalala kabla hazijaisha. Sungura, kasema, huwadanganya wenye meno makubwa, ili apone. Mama mtu mzima wa Ruponda hana meno ya kumtisha sungura, kwa hiyo sungura hana sababu ya kumdanganya. Akasema pia kwamba kanga zake zimefungwa tangu ile siku ya majibu, ziko chini ya kitanda, na kwamba alikuwa anangoja tu nimalize kesi, kwa sababu anajua mimi huwa sisafiri na shauri ambalo halijaamuliwa. Halafu, kwa mara ya kwanza, akaniambia kwamba naye anaogopa, na kwamba angependa kuogopa akiwa ameshakatwa kuliko kuogopa akiwa bado.

Kwa hiyo naliondoa pingamizi, namba moja mpaka namba nane, na utafiti wangu uchomwe moto. Tunapanda basi la Jumanne. Barua hii nakuja nayo mkononi, maana tutafika kabla ya posta. Mwambie Daktari Winfrida atutafutie kitanda, na wenye visu wavinoe vizuri. Ninalo swali moja tu lililobaki, nalo naomba ulijibu wewe mwenyewe. Je, wodini kuna mahali ambapo mume anaruhusiwa kutandika mkeka? Tangu tuoane hatujawahi kulala mbali mbali, isipokuwa alipokwenda kwao kumzaa Rabia, na hata wakati ule nilimfuata. Sijui inafanywaje.